Kelele za Jenereta Zisitufungie Sumu Ndani
(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia, Mwanza)



Umeme unapokatika, jenereta ndiyo inayoendesha zahanati, hosteli na kumbi zetu. Lakini kelele zake ni kero: wagonjwa hawalali na majirani wanalalamika. Ndipo wengine huifungia mashine stoo au kuiweka barazani na kufunga madirisha. Hapo kero inageuka kuwa hatari ya kifo.

Moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzuia damu kubeba oksijeni. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, hata mtu hudhani ni malaria. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Kufungua dirisha moja hakutoshi.

Kwa hiyo kelele tuzipunguze huko huko nje:

Kwanza, umbali. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, na zaidi ikiwezekana. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Tusiielekeze kwenye majabali yetu, maana sauti hugonga na kurudi kwa wakazi.

Pili, upepo. Kwa kawaida mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Ekzosi inayoonekana salama mchana yaweza kupeleka moshi usiku kwa wanaolala upande wa ziwa.

Tatu, mtikisiko. Tukaze nati, tuweke vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu ya mashine, mbali na ekzosi yenye moto, na tubadilishe ekzosi iliyotoboka.

Nne, kibanda. Kiwe na paa na ukuta wa tofali upande wa majirani tu. Pande nyingine zibaki wazi. Mashine isiyopata hewa huchemka na kuharibika.

Ndugu wafadhili, mnapotoa jenereta, tunaomba bajeti ihesabu pia kibanda na waya mrefu wenye unene wa kutosha. Bila hivyo, mashine huishia karibu na vitanda. Nanyi wajumbe, kabla ya kuipokea, chagueni kwanza mahali pake pamoja na majirani.