Kitabu cha Mtoto Kina Mikono Miwili

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mfanyakazi ambaye kazi yake imo katika nyumba nyingi, lakini walijuao jina lake ni wachache. Chukua kitabu chochote cha hadithi cha mwanao. Jina la mwandishi liko jaladani kwa herufi kubwa. Jina la kampuni iliyokitoa liko chini yake. Sasa litafute jina la aliyechora. Mara nyingine liko jaladani pia. Mara nyingi utalikuta ukurasa wa pili, katika herufi ndogo, limebanana na anwani ya posta. Na mara nyingine hulioni kabisa. Na mtoto ambaye hajajua kusoma, kitabu hicho anakisoma kwa picha tu. Kwake yeye, mgeni ni mwandishi.

Nimechagua kuitazama kazi hii kutoka Ruhuwiko, kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, upande uliko uwanja wa ndege. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, hilo nalijua. Lakini kasoro ya picha huonekana zaidi ukiwa mbali na meza ilikochorwa. Mtoto wa Ruhuwiko amezoea nyumba za matofali ya kuchoma zilizoezekwa bati. Udongo wa njia yake ni mwekundu. Mwezi wa Juni na Julai huenda shuleni na sweta. Milima aionayo ni ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, na samaki wanaoletwa sokoni ni dagaa na mbasa wa Ziwa Nyasa. Mfungulie basi hadithi ya mtoto aliyekwenda likizo kwa bibi. Aghalabu atakuta mnazi, bahari na ngalawa. Kama si hivyo, atakuta kibanda cha nyasi cha msonge, na twiga kasimama nyuma yake kana kwamba amefugwa.

Sisemi mnazi ni kosa. Mtoto wa Songea ana haki ya kuujua mnazi, kama mtoto wa Mafia alivyo na haki ya kuijua baridi ya Songea. Ubaya unaanza pale ambapo kila siku ni mtoto yule yule anayejifunza habari za mwenzake, na mwenzake hajifunzi za kwake.

Lakini tusiharakishe kumlaumu mchoraji. Tuitazame kwanza kazi yenyewe inavyokwenda.

Tuseme kuna kijana hapo Ruhuwiko mwenye mkono mzuri. Vijana wa namna hii huanzia kwenye mabango ya maduka, maandishi ya ubavuni mwa magari, na kuta za shule: ramani ya Afrika upande huu, safari ya chakula tumboni upande ule. Siku moja anapata hadithi kutoka kwa mchapishaji wa Dar es Salaam. Zamani ingekuja katika bahasha, imesafiri kwa basi karibu kilometa 1,000 kupitia Iringa na Njombe. Leo inaingia kwenye simu. Ni kurasa tatu au nne za maneno, nazo zinatakiwa ziwe kitabu cha kurasa 24. Idadi hiyo haikuokotwa tu. Karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa, na mkunjo huzaa kurasa kwa mafungu ya nane au ya 16, kwa hiyo mchoraji hawezi kujiongezea ukurasa wa 25 kwa sababu tu amependezwa na tembo.

Kwanza anaigawa hadithi. Anachora vipicha vidogo vidogo, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko stempu, aone kila tukio litakaa wapi na mtoto atapata hamu ya kufungua ukurasa unaofuata mahali gani. Anaacha nafasi ya maneno. Anachunga uso wa mtu usiangukie katikati, penye mshono wa kitabu, ukamezwa.

Halafu inakuja kazi ambayo wengi wetu hatuidhanii. Hadithi inasema palikuwa na msichana. Basi, mwandishi amekwisha maliza. Anayepaswa kuamua msichana huyo amesuka au amenyolewa kama wanafunzi wetu wengi, ana viatu au hana, kwao kuna umeme au kibatari, ni mchoraji. Akishaamua hana ruhusa ya kusahau. Kitenge cha mama kilichokuwa na maua ukurasa wa tatu lazima kiwe na maua yale yale ukurasa wa 20. Mtu mzima hatatambua, lakini mtoto wa miaka sita atakuuliza kwa nini mbuzi alikuwa na pembe na sasa hana.

Baada ya hapo mhariri anarudisha michoro kwa masahihisho. Mtoto huyu aonekane mdogo zaidi. Mwalimu asishike fimbo. Jua limechwea upande wa mashariki. Wakati wa kuchora kwa wino mweusi juu ya karatasi nzito, sahihisho moja liliweza kumaanisha kuanza picha upya. Wenye vyombo vya kuchorea vya kompyuta siku hizi wamepunguziwa adha hiyo, ila wahariri nao, kwa kuwa wanajua kubadilisha ni rahisi, wamezidisha kubadilisha.

Na ili achore kwa uhakika, mchoraji anatakiwa akaone. Mwandishi ataandika kwa mstari mmoja kwamba babu alikuwa akilima ngoro. Haya, chora ngoro! Yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo katika milima ya Mbinga, yaliyopangana mlimani na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, huwezi kuyachora kwa kusimuliwa. Inatakiwa nauli, na siku mbili tatu za kukaa na wakulima. Nauli hiyo haimo katika malipo. Kwa hiyo mchoraji anafungua kitabu kingine kilichochorwa na mwenzake, naye anaiga. Hivyo ndivyo mnazi ule na msonge ule unavyohama kutoka kitabu hadi kitabu.

Tuyatazame malipo hayo kwa mfano wa hesabu. Picha 20 za ndani pamoja na jalada, kila moja siku mbili, ni siku 42. Tukisema amepewa shilingi 630,000, ni shilingi 15,000 kwa siku, na humo atoe rangi, karatasi, umeme na vocha ya simu. Mtu atasema si haba kwa Songea. Sawa. Lakini fedha hiyo hutolewa mara moja tu. Kitabu kikichapwa tena baada ya miaka miwili, na tena baada ya minne, mwandishi mwenye mkataba wa mrabaha atapata sehemu yake kila mara. Mchoraji hapati kitu, na pengine hata habari hana. Atakikuta kitabu chake kimebandikwa jalada jipya katika duka la vifaa vya shule.

Wachapishaji nao wana la kusema, na ni haki tuwasikilize. Kitabu cha rangi hupita mashineni kwa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi, kila moja na bamba lake. Gharama hiyo ni ile ile uchape nakala 1,000 au 10,000, kwa hiyo aliye na soko dogo huumia zaidi. Ndiyo sababu vitabu vingi vya zamani vilikuwa na picha nyeusi na nyeupe ndani, rangi ikabaki jaladani. Mwaka 1991 ulipoanza Mradi wa Vitabu vya Watoto kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, dawa yake ilikuwa ni kumhakikishia mchapishaji soko. Achape nakala 5,000, na mradi ununue 3,000 za kugawa mashuleni na maktabani. Mradi huo uliendesha pia mafunzo ya waandishi, wahariri na wachoraji. Lilikuwa jambo la maana sana. Lakini tazama lilivyofundisha: fedha ikishakuwa na uhakika, mchapishaji huweza kuthubutu. Kwa nini basi uhakika uishie kwa mchapishaji na mwenye kiwanda, usifike kwa aliyechora?

Mkoa wa Ruvuma usidhani habari hizi ni za watu wengine. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, mkoani humu humu. Alikwenda Tanga kwenye mkonge, kisha Dar es Salaam, na mnamo mwaka 1968 akaanza kupaka picha za wanyama juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli, akiziuza Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayetoroka, akafa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Ndugu zake na wanafunzi wake wakaendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima unaojulikana duniani.

Ni mtindo huo huo ulioingia katika vitabu vya watoto kwa mkono wa John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga wa mwaka 1966. Kilaka huandika na kuchora mwenyewe, na amekuwa akienda vijijini kukusanya hadithi za wazee. Wanyama wake huvaa mashati na kanga, hupanda baiskeli, huuza samaki sokoni. Kitabu chake cha habari za samaki kilitoka Uswisi mwaka 2001, kwa Kijerumani, kisha kikatafsiriwa kwa lugha nyingine. Kile cha urafiki wa panya na tembo kilipata tuzo katika maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Nafurahi kwa ajili yake, wala simwonei kijicho. Ila nauliza: je, mchoraji wa Sumbawanga au Ruhuwiko ni lazima apitie Ulaya ndipo jina lake likae jaladani?

Maana sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaihesabu michoro kuwa kazi yenye hakimiliki, kama yalivyo maandishi. Haki hiyo inaanza pale picha inapokuwa karatasini, si lazima isajiliwe, ingawa kusajili COSOTA husaidia siku ya ugomvi. Inadumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Tena anayo haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyechora. Sheria hailindi mtindo. Ndiyo maana mtu yeyote anaweza kuchora kwa mtindo wa Tingatinga bila kumwomba mtu. Inalinda picha yenyewe. Lakini haki hiyo mchoraji anaweza kuiuza kwa sahihi moja, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu karatasi wanayopewa wanaiita risiti ya malipo, kumbe ni mkataba wa kuuza kila kitu, na michoro yenyewe hairudi. Wachora katuni wa magazeti wamekuwa wajanja zaidi, wao hutia sahihi ndani ya picha. Wasomaji wa Uhuru walimjua Gregory aliyemchora Chakubanga.

Sasa limeingia jambo jipya. Kompyuta za akili mnemba zinatoa picha kwa sekunde chache, na mchapishaji mwenye haraka anaweza kujiuliza kijana wa Ruhuwiko wa nini. Mashine hizi zimejifunza kwa picha zilizochorwa na watu, na walio wengi kati yao hawakuombwa ruhusa wala hawakulipwa. Ukiziagiza kijiji cha Afrika zina mwelekeo wa kukupa kilichorudiwa mno huko zilikojifunza: msonge, jua jekundu, twiga. Ni lile lile kosa la kuigana, ila sasa linakwenda kwa kasi ya umeme. Sweta la Julai hazilijui, na ngoro za Mbinga ndiyo kabisa.

Mimi napendekeza mambo ambayo mchapishaji anaweza kuyaanza kesho asubuhi bila kungoja serikali wala wafadhili. Tuchukue tena hesabu ya mfano. Kitabu kinauzwa shilingi 5,000, zimechapwa nakala 5,000, zote zimeuzwa: ni shilingi milioni 25. Mrabaha wa asilimia kumi ni milioni mbili na nusu. Ugawe, saba kwa mwandishi na tatu kwa mchoraji. Mchoraji atapata shilingi 750,000, na atapata tena kila toleo litakapouzwa. Waandishi watanikasirikia. Basi na wao wadai iwe kumi kwao na tatu ziongezwe juu, na mchapishaji aseme ataweza kiasi gani. Angalau hapo tutakuwa tunabishana juu ya asilimia. Kisha iwekwe nauli katika bajeti ya kila kitabu kinachotaja mahali halisi, hata kama ni ya basi la kwenda na kurudi tu. Na jina liwekwe jaladani, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Na ninyi walimu wa Ruhuwiko na kwingineko, mnapowasomea watoto, mnataja jina la kitabu na jina la mwandishi. Hilo jina la tatu, mkilikosa jaladani, fungueni ukurasa wa pili mlitafute. Mkilikosa na huko pia, anwani ya mchapishaji iko hapo hapo. Waacheni watoto wamwandikie wamuulize ni nani aliyemchora mbuzi.