Orodha ya Wajumbe Ibandikwe Hadharani



Tunazungumza juu ya wajumbe kwa sababu hapo ndipo FORD ilipovunjikia. Ilizaliwa Agosti 1991. Desemba kifungu cha 2A kikafutwa katika Katiba, na wengi wakadhani safari imekwisha. Mwaka haukupita. Upande wa Jaramogi Oginga Odinga, pale Agip House, ulitaka viongozi wachaguliwe na wajumbe. Upande wa Kenneth Matiba na Martin Shikuku, pale Muthithi House, ulidai kila mwanachama apige kura mwenyewe. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Lakini, tuseme kweli, kila upande uliupenda utaratibu ambao ungempa mtu wake kiti.

Kufikia Oktoba 1992 vilikuwa vyama viwili, FORD-Kenya na FORD-Asili. Tarehe 29 Desemba Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi, ilhali Matiba, Odinga na Kibaki wa DP walipata kwa jumla zaidi ya asilimia 60.

Kwa hiyo chama chochote kikija mtaani kutafuta wajumbe, tunauliza kwanza: orodha imeandikwa na nani, wapi, mbele ya nani? Iliyoandikwa usiku hotelini hatuitambui. Ibandikwe hadharani siku saba kabla ya uchaguzi, majina pamoja na matawi, ili mwenye pingamizi aseme mapema. Kura zihesabiwe mbele ya walioshindwa pia. Bila hayo, sisi hatutainua mkono.