Hotuba kwa Wafugaji: Lishe ya Kondoo Dume Mchanga



Kondoo jike asiposhika mimba hulaumiwa yeye, na mara nyingi huishia sokoni. Dume hachunguzwi. Lakini dume mmoja huhudumia majike 20 au zaidi, kwa hivyo njaa yake ni hasara ya zizi zima, nayo hugunduliwa miezi 5 baadaye, wana-kondoo wasipozaliwa.

Dume mchanga hubalehe kwa uzito zaidi kuliko kwa umri. Aliyekosa protini baada ya kuachishwa kunyonya hudumaa, korodani zake hubaki ndogo na mbegu huwa chache. Hata Dorper, anayesifika kwa kukua haraka, hatanawiri kwa nyasi kavu za kiangazi pekee. Aongezewe lusina au majani ya viazi vitamu. Majani mabichi humpa pia vitamini A, ambayo ikipungua mbegu huharibika.

Wengi hukosea wakati. Mbegu huchukua takriban wiki 7 kutengenezwa, kwa hivyo kumshibisha dume siku chache kabla ya kupandisha ni kazi bure. Aanze kulishwa vyema miezi 2 mapema.

Kumnenepesha kupita kiasi nako ni hatari. Mafuta yakijaa kwenye mfuko wa korodani, joto huzidi na mbegu huharibika. Nafaka nyingi huweza kuleta vijiwe vinavyoziba mkojo, na dume akafa. Chumvi ya madini iwe ya kondoo, si ya ng'ombe, kwani shaba nyingi ni sumu kwake.

Kabla ya msimu, afisa wa mifugo ampapase korodani. Mwenye uvimbe asipandishwe.