Shingo Ikivimba, Nani Ametoa Amri?

Ndugu wanafunzi wa Mbeya na Iringa, leo tuzungumze habari ya rovu. Najua mkisikia neno hilo wengine mnacheka, wengine mnapandisha kola ya shati. Hebu tuliangalie jambo lenyewe.

Kwa maelfu ya miaka mvua za milimani kwetu zimeosha udongo na kuondoka na madini joto. Mahindi na viazi vyetu vinakuwa na upungufu huo huo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, lakini bila hizo tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni yake.

Sasa, chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari. Ndani ya seli zake mna protini iitwayo Pit-1, inayoshika jeni na kuziwasha. Mojawapo ni jeni ya homoni inayoiamrisha tezi ya shingo: fanya kazi! Kwa kawaida homoni ya shingo hurudi pituitari na kuipunguza nguvu jeni ile. Ndiyo breki. Madini joto yakikosekana, breki inalegea, amri inatoka usiku na mchana, na tezi ya shingo, maskini, inavimba kwa kuhangaika. Hapo hakuna mchawi.

Mwenzenu atauliza: si itafutwe kemikali ya kuizuia Pit-1? Swali zuri. Lakini Pit-1 hiyo hiyo huwasha jeni ya homoni ya kukua na ile ya maziwa ya mama. Watoto wanaozaliwa na Pit-1 mbovu, wasipotibiwa, hubaki wafupi mno. Tena ukinyamazisha amri, njaa ya madini joto iko pale pale, na mtoto aliye tumboni anakosa homoni ya kujenga ubongo wake. Hilo linanitisha kuliko uvimbe.

Miaka ya 1980 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Miaka ya 1990 zikaja kanuni za chumvi. Kwa hiyo ukitumwa chumvi, soma pakiti: imeandikwa madini joto? Nyumbani itiwe kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na unyevu, na kwenye mboga itiwe karibu na kuipua. Aliyekwisha kuvimba aende kituo cha afya akapimwe, maana si kila uvimbe wa shingo unatokana na chumvi.