Umeme Unaporudi kwa Kishindo



Umeme unapokatika, kila nyumba huliona giza. Wachache hutambua kwamba hatari kubwa kwa friji na televisheni huja baadaye, pale umeme unaporejea.

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Laini inaporudishwa, vyombo vya mtaa mzima vilivyoachwa vimewashwa huvuta umeme kwa pamoja. Volti hushuka, kisha hupanda ghafla. Friji huumia zaidi: kompresa ikilazimishwa kuanza kabla msukumo wa gesi haujatulia, hupata moto na huweza kuungua. Mama anayeuza barafu na samaki hupoteza kwa dakika chache mtaji wa miezi mingi.

Hatari nyingine ni matawi. Mwembe au mkorosho ulioegemea nyaya huweza kukata waya wa nyutro wakati wa upepo wa masika. Hapo baadhi ya nyumba huweza kupokea volti zinazokaribia 400. Taa ziking'aa kupita kawaida huku za jirani zikififia, mkazi azime swichi kuu mara moja na kutoa taarifa TANESCO kwa namba 180. Asithubutu kulikata tawi mwenyewe.

Kinga ya kwanza haina gharama. Umeme ukikatika, plagi zichomolewe, iachwe taa moja imewashwa iwe kiashirio. Ukirejea, zipite dakika tano ndipo vyombo vichomekwe, kimoja baada ya kingine.

Kinga ya pili ni friji gadi, ambayo hukata umeme volti zinapozidi au kupungua, na huchelewesha kuurudisha. Ekstensheni ya kawaida huongeza matundu tu, haikingi chochote. Radi nayo haizuiliwi na kifaa cha dukani: wingu likianza kunguruma kwa mbali, plagi zichomolewe, pamoja na waya wa antena au dishi. Waya wa ardhi ukaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Aliyeunguliwa na chombo aandike tarehe na saa, akihifadhi, kisha apeleke malalamiko TANESCO kwa maandishi. Asiporidhika na majibu, anayo haki ya kufika EWURA.