Mhudumu wa Wagonjwa Majumbani Asiye na Mwajiri: Mada kuhusu Kupata na Kubakiza Wahudumu Mbekenyera na Vijiji Jirani

Mada kama hii huanza na fasili, nami nitazipita mbio kwa sababu hakuna asiyezijua humu ukumbini. Huduma ya wagonjwa majumbani ni ile anayopewa mtu kitandani kwake: mwenye kifua kikuu, anayeishi na VVU, mzee aliyepooza, mgonjwa wa saratani aliyerudishwa nyumbani. Mhudumu ni mwanakijiji aliyepewa mafunzo, na zahanati ndiyo inayomsimamia. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa mtunzaji wa msingi, na sina ugomvi nayo. Ila vijana wetu wengi wako Dar es Salaam, Mtwara au machimboni, na mara nyingi anayebaki na bibi ni mjukuu wa darasa la nne.

Kuwapata wahudumu si kazi ngumu. Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa na aliyekuwa Makamu wa Rais Dkt. Philip Mpango tarehe 31 Januari 2024, ulilenga kuwafikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Kazi ni kuwabakiza, na hapo ndipo tumekuwa tukijibu swali lisilo letu. Tukiulizwa kwa nini wanaondoka, tunasema mazingira magumu: barabara, nyumba, mtandao wa simu. Hayo ni majibu ya muuguzi aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2010 kwamba watafutwe watu wenye asili ya vijijini kwa kuwa ndio wanaobaki. Mhudumu wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, tayari ni mzaliwa, ana nyumba na shamba lake hapa, na hata akiacha kazi hahami kijiji. Anachoacha ni wagonjwa.

Anawaacha kwa ratiba inayojulikana. Ufuta ukikomaa yuko shambani. Juni hadi Agosti mikorosho inataka kupuliziwa dawa ya salfa, na salfa haingoji. Oktoba korosho zinaanza kuanguka. Posho isiyo na tarehe haiwezi kushindana na mazao yanayouzwa kwa mnada. Athari ya pengo hilo haionekani kwenye taarifa ya robo mwaka, bali kwenye nyonga ya mgonjwa wa kiharusi. Huyu anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, shuka likiwa kavu na halina mikunjo. Kazi ya mhudumu ni kumfundisha ndugu afanye hivyo, kisha arudi kukagua ngozi. Asiporudi wiki tatu, wekundu uliokuwa kwenye nyonga unakuwa kidonda, na kidonda hicho kitatumia dawa na bandeji za kituo zenye gharama kubwa kuliko posho. Ukiuliza aliko mhudumu, mtendaji wa kijiji atakwambia ni mtu wa zahanati, mganga mfawidhi atakwambia ni mtu wa mradi wa wafadhili, na mradi ulishafungwa. Sisemi kuna aliyezembea. Nasema hana mwajiri, na asiye na mwajiri haombi ruhusa kwa mtu. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulikumbushwa tena jinsi huduma hii ilivyosimikwa kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Wapo wanaosema malipo yataua moyo wa kujitolea. Moyo huo upo na unastahili heshima, lakini hatumwombi mganga mfawidhi ajitolee, wala mtendaji. Kwa nini tumwombe anayelipwa kidogo kuliko wote? Hoja nzito zaidi inatoka kwenye utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara, katika mradi wa Connect wa 2011 hadi 2015 huko Rufiji, Kilombero na Ulanga, iliweka wahudumu wa kulipwa waliofunzwa miezi tisa, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano havikupungua kama ilivyotarajiwa. Mimi siusomi utafiti huo kuwa hukumu dhidi ya malipo. Swali lake lilikuwa vifo vya watoto. Letu ni nani atakayekuwepo kwa mgonjwa mwezi Julai. Tena mkoba wa vifaa ulio mtupu haumponyi mtu, hata aliyeubeba awe analipwa vizuri.

Hoja ya tatu ni kwamba halmashauri hazina fedha. Ruangwa na Nachingwea hukusanya ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na minada inayopitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI inajulikana msimu wake. Fedha hizo zina waombaji wengi, nalijua hilo. Lakini ni za hapa, na hazifungwi kwa barua kutoka nje.

Kwa hiyo napendekeza: kila mhudumu awe na mkataba wa maandishi unaomtaja mwajiri mmoja, ambaye ni halmashauri; posho iwe na tarehe na fungu lake katika mapato ya ndani, hata kama ni ndogo; wahudumu wawili wa kitongoji wapangiwe zamu za msimu, mmoja akiwa kwenye salfa mwingine awe kwa wagonjwa, na zamu hizo zibandikwe zahanati; na glavu, chachi na dawa za maumivu ziingie kwenye maombi ya kawaida ya kituo, zisisubiri mfadhili. Nakazia tena mkataba, maana mengine yote yanauegemea. Miradi mipya isipokelewe wilayani bila kueleza nani atamlipa mhudumu baada ya mradi kuondoka. Na mhudumu anayeacha kazi akabidhi mkoba na rejista kwa mganga mfawidhi ndani ya siku saba, majina ya wagonjwa yasomwe mbele ya atakayewapokea, na wote wawili waweke sahihi.