KAMBI YA WATALII KANDO YA MTO: MANENO YA TAWI KWA WANACHAMA



Haya ndiyo maneno tuliyoyasema kwenye kikao cha tawi Jumapili. Tunayatuma hapa kwa sababu mvua iliwazuia wengi, na waliofika wameshaanza kuyasimulia kila mtu kwa namna yake.

Mnajua yupo mwekezaji anayeomba eneo la kando ya mto ajenge kambi ya mahema ya watalii. Tawi halipingi utalii. Tumechoka kuona magari ya wageni yakipita na kutuachia vumbi. Ila tusikubali haraka kwa ahadi ya darasa moja na kisima.

Mwezi uliopita baadhi yetu tulikwenda Mto wa Mbu, wilaya ya Monduli, kuona wenzetu wanavyofanya. Pale nako magari yanapita kwenda Manyara na Ngorongoro. Lakini tangu miaka ya 1990, ulipoanza mpango wa utalii wa utamaduni, wenyeji walijipanga ili yasimame. Mgeni anapanda baiskeli, anapitishwa kwenye mashamba ya mpunga na migomba, anaonjeshwa pombe ya ndizi, anawatazama wachongaji wa Kimakonde na wachoraji wa Tingatinga, mchana anakula chakula kilichopikwa na akina mama. Kijana anayemwongoza ni wa pale, ndizi ni ya pale, hata sufuria ni ya pale. Fedha inapita mikono mingi, kidogo kidogo, bila kusubiri hundi ya mwisho wa mwaka.

Hundi ndiyo inayotusumbua sisi. Kijiji kimepokea fedha za wageni kwa misimu miwili. Wapo wanaosema zimeliwa. Sisi hatusemi hivyo, hatuna ushahidi, na anayesambaza maneno hayo humu aache. Tunachosema ni kwamba hatujasomewa mapato na matumizi. Na lawama nyingine ni yetu: mikutano miwili iliahirishwa kwa kukosa akidi, na viongozi wawili wa tawi hili hawakuwapo.

Sasa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo hakuna muhtasari wa kusainiwa sebuleni kwa mtu. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, mwenye kadi yetu na asiye nayo. Tusiende na sare.

Tukifika, tuombe mkataba usomwe kwa Kiswahili, wote, mpaka ukurasa wa mwisho. Ni wa miaka mingapi? Mboga na nyama za kambi zitanunuliwa wapi? Na kubwa kuliko yote: eneo lile ndilo tunaponyweshea ng'ombe kiangazi. Likizungushiwa uzio mwezi Agosti, tutawapeleka wapi? Njia ya mifugo iandikwe ndani ya mkataba kabla mtu hajanyoosha mkono.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Wafugaji, pokezaneni zamu ya malisho ili kila boma liwe na watu. Akina mama wa vikoba, kikao chenu cha siku hiyo kisogezwe jioni. Tumeshazungumza na mwenyekiti wenu naye amekubali.

Uongozi wa Tawi